Kumfundisha Beagle mchanga kufuata harufu ya sungura

Majani yakianza kupukutika, maswali huja kwa mkupuo, na ni yaleyale ya mwaka jana. Mbwa wangu ana miezi mitatu, nimwachie lini? Mbona anabweka ovyo? Mbona ananing'ang'ania miguuni, hataki kuingia kichakani? Sisi tuliohamia huku Kentucky, Ohio na majimbo ya jirani tumewakuta wenyeji na mchezo huu tangu enzi za babu zao, na wengi wetu tumepata mbwa kabla ya kupata maarifa. Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa, mwenye mbwa mmoja au wawili, anayetaka mwindaji wa sungura na si kikombe cha mashindano.

Shika hili kwanza: pua haifundishwi. Beagle, mbwa mdogo wa kuwinda kwa kunusa, anazaliwa nayo, na hamu ya kuifuata anazaliwa nayo pia. Kazi yako ni kumpeleka palipo na sungura, tena mara nyingi, kisha kufunga mdomo. Makosa mengi nitakayoyataja yanatoka kwa mwenye mbwa anayesaidia kupita kiasi.

KABLA YA KUANZA

Mbwa mwenyewe. Huku Marekani Beagle wamegawanywa kwa kimo: wasiozidi inchi 13 begani, na waliozidi 13 wasiopita 15, yaani kama sentimita 33 na 38. Kwa kuwinda, kimo si hoja. Hoja ni wazazi. Kuna koo zilizochaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya sura na maonyesho, na kuna koo za porini. Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji akuonyeshe mama au baba akimkimbiza sungura. Akianza visingizio, mshukuru uondoke.

Afya. Chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi; ya kichaa cha mbwa hufuata kalenda ya daktari na sheria ya jimbo lako. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo mtoto ambaye hajamaliza chanjo asikanyage mahali wanapopita mbwa wa watu wengine, hata kama rafiki yako anasema wake wazima. Uliza pia dawa ya minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu, na dawa ya kupe.

Ruhusa. Kila jimbo lina leseni yake, msimu wake wa kuwinda, na mara nyingi kanuni tofauti za kufundishia mbwa nje ya msimu. Sehemu nyingine hukataza kuachia mbwa wakati wanyama wanazaa. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako, uliza, andika jibu. Shamba la mtu ni la mtu: bisha hodi, omba, na msimu ukiisha mpelekee chochote cha shukrani. Walioko Uingereza na Wales, sheria ya uwindaji ya mwaka 2004 inakuruhusu kumwinda sungura wa mashimo kwa mbwa ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, lakini yule sungura mkubwa wa mbugani hayumo katika ruhusa hiyo. Na kwa ndugu wanaouliza kutoka nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwenu hatua ya 1 na ya 2 zinatosha kumfurahisha mbwa, kwa ngozi ya sungura wa kufugwa. Ishieni hapo.

Vifaa. Ukosi wenye namba yako ya simu, filimbi, kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, maji na bakuli, kibano cha kupe, glavu za mpira, na suruali nzito isiyopenywa na miba. Ngozi au mguu wa sungura ndani ya friza, kwa ajili ya hatua ya 2. Ukosi wa GPS, unaokuonyesha mbwa alipo, ni ghali, lakini mbwa akishaanza kukimbiza kweli, ununue kabla ya kununua bunduki nzuri.

Jambo moja la kinadharia, halafu basi. Sungura wa porini wa huku mashariki mwa Marekani, yule mwenye mkia mweupe chini, ana eneo dogo la kuishi na hapendi kulihama. Ukimkurupusha, huzunguka na kurudi karibu na pale alipotokea. Ndiyo maana mwindaji husimama palepale sungura alipoinukia, akamwacha mbwa mwenye miguu mifupi amlete.

HATUA

1. Wiki ya 8 hadi mwezi wa 3: mlee. Mfundishe jina lake na filimbi kwa chakula. Piga filimbi kila unapoweka bakuli, kila siku, hadi aje mbio bila kufikiri. Mzoeshe kuvaa ukosi, kupanda gari, kukaa ndani ya kreti, yaani kizimba chake. Mpitishe kwenye nyasi ndefu, tope, kijito cha maji machache, magogo. Mtoto aliyelelewa sebuleni tu huogopa kichaka, na hapo ndipo linapozaliwa lile swali la kung'ang'ania miguu.

Anza pia kumzoesha makelele akiwa anakula: sufuria ikianguka chumba cha pili, mlango ukibamizwa, kwa mbali kwanza. Akiacha kula, umesogea mno.

2. Miezi 2 hadi 4: buruta ngozi. Funga ngozi ya sungura kwenye uzi, uzi kwenye ufito mrefu, uburute pembeni mwako ili mstari wa harufu usipite juu ya nyayo zako. Hili wengi hulipuuza, kisha wanashangaa mtoto anafuata viatu. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: kamba ndefu, kila mtu upande wake, ngozi katikati.

Anza na mita 15 hivi, moja kwa moja, upepo ukivuma kutoka nyuma. Upepo ukitoka mbele atainua kichwa na kuinasa harufu hewani, na wewe unataka pua iwe chini. Mwishoni weka ngozi na kipande cha nyama. Mlete mwanzo wa mstari, mwachie, usiseme kitu. Akishaelewa, ongeza urefu, kisha weka kona moja, kisha kona mbili, kisha iache harufu ikae nusu saa kabla ya kumleta.

Usizidishe. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, na siku anapomaliza mstari wenye kona bila kuyumba, mchezo huu umefikia mwisho wa faida yake. Ngozi haikimbii, haifichami wala hairudi ilikotoka. Wapo wanaoburuta ngozi mpaka mbwa anafikisha mwaka, wakapata bingwa wa ngozi.

3. Miezi 3 hadi 5, chanjo zikiisha: matembezi. Mpeleke penye sungura alfajiri au jioni, saa ambazo sungura wenyewe wako nje wanakula. Tafuta mpaka wa shamba na kichaka, marundo ya matawi, miba, nyasi zilizolala. Ukiona vinyesi vya duara kama punje na matawi machanga yaliyokatwa kimshazari, umefika. Tembea polepole ukisimama mara kwa mara. Usimbebe, usimsukume ndani. Ingia wewe kichakani, atakufuata. Baada ya siku kadhaa atakutangulia. Dakika 20 au 30 zinatosha, na mrudi angali anataka zaidi.

4. Miezi 4 hadi 6: sungura wa kwanza. Una njia mbili. Ya kwanza ni uzio wa mafunzo, eneo la ekari chache lililozungushiwa waya, lenye sungura wengi na maficho ya kuwatosha. Vilabu vya Beagle huwa navyo, na watu binafsi huvikodisha. Faida yake ni kwamba mtoto hapotei na atakutana na sungura kwa hakika. Hasara yake ni kwamba sungura wakiwa wengi harufu zinapishana, na mtoto huanza kukimbia kwa macho. Akishaweza kufuata mstari mmoja dakika chache akibweka, mtoe. Mbwa aliyezoea uzio hupigwa na butwaa sungura wa nje anapokwenda mita 200 bila kugeuka.

Njia ya pili ni porini moja kwa moja. Inachukua muda, lakini kwa mwenye shamba la karibu ndiyo ninayoipenda. Siku ya kujaribu, chagua hali ya hewa: ardhi yenye unyevu, baridi kidogo, upepo mdogo. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ni dhahabu. Ardhi kavu ya vumbi, majani makavu yanayokatika chini ya mguu na upepo mkali humshinda hata mbwa mzee, sembuse mtoto.

5. Mweke kwenye harufu. Umemwona sungura akikimbia na mtoto hakumwona? Vizuri sana, hiyo ndiyo bahati unayoitaka. Usimnyooshee kidole sungura. Subiri apotee kabisa, tembea hadi alipopita, mwite mtoto kwa neno moja unalotumia kwa jambo hilo tu. Wenyeji hupaza "tally-ho", "huyoo!" nayo inafanya kazi sawasawa. Gusa ardhi kwa kidole ukielekea upande alikoelekea sungura, kisha ondoka njiani. Neno hilo usilitumie kwa utani hata mara moja. Akija mara mbili asikute kitu, umelipoteza.

Mtazame sasa, maana hapa ndipo utajua una mbwa wa namna gani. Pua inagusa majani, mkia unasimama, unaanza kutikisika polepole, kisha kwa kasi hadi kiuno chote kinacheza. Anapiga hatua mbili, anarudi moja. Puani unasikia mfululizo wa mipumuo mifupi. Halafu sauti inamtoka, mara nyingi mlio mwembamba wa ajabu kana kwamba yeye mwenyewe ameshtuka. Usipige makofi, usimwite kumsifu. Akisikia sauti yako atainua kichwa, na harufu itabaki pale chini bila mtu.

6. Harufu ikikatika, nyamaza. Ukisahau mengine yote, hii usiisahau. Sungura atarudi nyuma juu ya nyayo zake kisha aruke pembeni. Atapita barabara ya kokoto. Atalala chini ya rundo la matawi. Ataingia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mwingine. Mtoto atafika pale na ghafla hakuna kitu. Atanyamaza. Atazunguka. Atakutazama wewe.

Geuza uso. Tazama miti.

Mbwa mzuri huanza kutafuta palepale alipoipotezea, duara dogo kwanza, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi. Anayekwenda mbio mita 50 mbele kubahatisha ana pupa, na pupa hiyo hukua ukimzoesha kusaidiwa. Mpe dakika kadhaa. Akiipata mwenyewe, amejifunza zaidi kuliko wiki nzima ya ngozi. Akishindwa kabisa na kuanza kuchezea vijiti, mwite kwa utulivu mkatafute sungura mwingine. Msaidie kwenye harufu ya kwanza kabisa maishani mwake ukipenda. Kuanzia hapo acha.

7. Mbwa mzee, kwa kipimo. Mwalimu mzuri ni mbwa wa makamo, wa mwendo wa taratibu, asiyebweka bila harufu na asiyejali kulungu. Mtoto akimsikia anabweka atakimbilia kwake na kujifunza sauti hiyo ina maana gani. Lakini mara chache tu, kisha mrudishe peke yake. Ukimfunga kwa mbwa mwepesi, atakimbia nyuma yake akipiga kelele bila kunusa chochote, na siku yule mzee akiumwa utagundua kwamba huna mbwa. Ndugu wa tumbo moja vilevile: wafundishe mmojammoja, la sivyo watacheza mieleka.

8. Bunduki, mwisho kabisa. Ngoja mpaka awe anakimbiza sungura kwa sauti, bila kusitasita. Mlio wa kwanza upigwe na mtu aliye mbali, risasi ndogo, mtoto akiwa katikati ya mbio na akili yake yote iko kwa sungura. Asipojali, mara nyingine sogea kidogo. Akisimama au akirudi kwako, acha, rudi nyuma wiki kadhaa. Usimpeleke uwanja wa shabaha "ili azoee". Mbwa aliyeharibiwa na mlio ni kazi ya miezi kumrudisha, na wengine hawarudi.

9. Sungura wa kwanza kupigwa. Vaa rangi ya chungwa inayoonekana, na piga tu sungura aliye mbele sana ya mbwa, pale unapoona ardhi ilivyo nyuma yake. Ukipiga, usikimbilie kuokota. Mwache mtoto afuate mstari wake hadi mwisho akute mnyama mwenyewe, anuse, amtikise. Hayo ndiyo malipo yake. Kisha mchukue sungura, na asile utumbo wala kichwa: sungura wa porini hubeba mabuu ya tegu wanaokomaa ndani ya mbwa. Wewe nawe vaa glavu unapochuna. Kuna tularemia, ugonjwa wa bakteria unaompata binadamu kupitia kidonda kidogo tu mkononi, na nyama lazima iive kabisa. Sungura aliyekuwa mlegevu, asiyekimbia alipokurupushwa, usimguse wala usimpike.

MATATIZO YA KAWAIDA

Anabweka ovyo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 8 ni furaha tu, mpe muda. Ikizidi, mtoe kwenye kundi na kwenye uzio, awinde peke yake mahali penye sungura wachache. Usimshangilie kila anapobweka. Mwenye mbwa huwa ndiye mwalimu wa tabia hii bila kujua.

Anaifuata harufu kinyume. Kwa siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Harufu ikizidi kufifia atagundua mwenyewe. Usimburute, mwache ikatike, na hakikisha wewe humweki kwenye mstari ukielekea upande usio sahihi.

Anakimbia kwa macho, sungura akipotea anaacha. Amewaona sungura wengi mno kabla ya kuwanusa. Mtoe kwenye uzio, na kila ukimwona sungura mshike mtoto hadi sungura atoweke, ndipo umweke kwenye harufu.

Anakimbiza kulungu. Usimsifu hata kidogo, na usicheke. Ukiwa huna uhakika anakimbiza nini, soma mwendo: mbio iliyonyooka, inayozidi kwenda mbali bila kuzunguka, huenda si sungura. Katiza, mfunge kamba, mwondoe eneo hilo. Ukosi wa umeme wapo wanaoutumia kwa kosa hili, nami siupingi kwa mbwa aliyekwisha kukomaa katika sungura, kwa sharti moja: umemwona kulungu kwa macho yako na mbwa yuko nyuma yake. Ukibonyeza kwa kukisia na kumbe yuko juu ya sungura, umemfundisha kwamba sungura huuma.

Hajali sungura kabisa. Ana umri gani? Wako wanaoanza miezi 4, wako wanaolala mpaka wanakaribia mwaka halafu siku moja wanaamka. Endelea na matembezi, mara mbili tatu kwa wiki. Mpime uzito pia. Beagle hunenepa upesi, na mbwa mnene hukata tamaa mapema. Mpe chakula chake kikuu baada ya kuwinda.

Anahema vibaya, anayumba, ulimi umetanuka na fizi zimeiva wekundu. Ni joto, nalo huua. Kivulini mara moja, mmwagie maji ya ubaridi wa kawaida tumboni na mapajani, mpepee, na njia nzima iwe kwa daktari. Majira ya joto funza alfajiri tu, au usifunze. Majira hayohayo kuna nyoka, na mbegu za nyasi zinazochoma masikioni na katikati ya vidole, kwa hiyo mkague kila mkirudi.

Harudi, jioni imeingia. Akiwa kwenye harufu hasikii filimbi, usijipe presha ya kumpigia kelele. Nenda upande wa barabara kwanza, kwa sababu Beagle aliyeinamisha pua hasikii gari. Usipompata, rudi pale ulipomwachia, tandika koti ulilovaa siku hiyo na uweke maji. Mara nyingi mbwa hurudi alikotokea na hulala juu ya koti hadi asubuhi. Watoto wadogo usiwaachie saa hizo kabisa, koyote, mbwa mwitu wa huku Marekani, wapo. Wapigie wenye mashamba ya jirani usiku huohuo, na asubuhi vituo vya kuhifadhia wanyama. Kama mbwa ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa ni ya simu unayotumia sasa.